Maji ya Majivu

Topista alisema kwamba yule mtu wa Buwenge alitobolewa chini ya kitovu kwa msumari, akamiminiwa maji debe zima, na maji yalipotolewa yalitoka na kila kitu chake: uchungu, nguvu, hata majina ya watoto wake. Alisema mtu yule aliposhuka kitandani alikuwa mwepesi kama usufi, ikabidi wamfunge kwa kitambaa kwenye mguu wa kitanda asipeperukie dirishani. Mkewe alipomwita, akamjibu, "Shikamoo, mama." Na yale maji, alisema Topista huku amekamata titi lake la kushoto kama mtu anayeapa, yalipelekwa kambini wakanyweshwa askari wapya ili wapate mbio.

"Mimi naambia wewe, dada," alisema. "Ojok alisikia kwa mtu ambaye aliona na macho yake yote mbili."

Ojok alikuwa mumewe, askari jela pale Mbale, mtu wa kaskazini, na masikio yake ndiyo yaliyokuwa redio ya nyumba ile ndefu ya vyumba vya kupanga huko Namakwekwe. Beldina alikuwa mlangoni kwake akikung'uta blanketi alilokuja kumchukulia mumewe mgonjwa. Aliitikia kwa kichwa tu. Beldina alimjua yule mtu wa Buwenge. Alikuwa akilala kitanda kilichofuata kile cha mume wake Beldina huko hospitalini Jinja, na hakupeperuka popote. Aliondolewa kwa sababu ya samaki wa kuchoma. Akaenda kwao kwa miguu yake, na haukupita muda watu wake wakaja kuuliza kama aliacha shati hospitalini, maana walitaka kumzika nalo.

Lakini hakuna aliyemuuliza Beldina. Tangu ateremke kwenye basi kutoka Jinja, kila mpangaji alikuwa na habari za Jinja za kumpa, na hakuna aliyetaka za kwake.

"Na bwana yako?" Topista akasema. "Anakula?"

"Hataki kula."

"Mwanaume akikataa chakula, bibi yake hajui kupika." Topista akacheka, akampiga begani. "Nacheka tu, dada. Usifanye uso hiyo."

"Sipiki," Beldina akasema. "Hawaniruhusu kupika."

Hapo Topista aliacha kucheka. Jambo la mtu kutobolewa tumbo lilikuwa limemstarehesha asubuhi nzima, lakini la mke kukatazwa kumpikia mumewe lilimwingia. Akaketi kizingitini, akasema, "Eh! Sasa wewe uko pale unafanya nini?"

Hilo Beldina mwenyewe alikuwa akijiuliza kila siku.

Wanyama, mumewe, alikuwa dereva wa lori, akivusha mizigo kutoka Kenya hadi Kampala. Wote wawili walikuwa Wakenya, watu wa upande wa pili wa mlima Elgon, na walipanga Namakwekwe ili gari likipumzika naye apumzike karibu na mpaka. Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Kwanza viatu vilimkataa, halafu soksi, halafu uso ukamvimba asubuhi kama wa mtu aliyelia usiku kucha, na Wanyama hakuwa mtu wa kulia. Daktari wa Mbale alimtazama mkojo, akamtazama ndani ya macho, akasema figo zimechoka, hazitarudi. Akawatuma Jinja, kwenye hospitali moja ya misheni, kwa Daktari Isabirye, aliyekuwa na kazi yake ya utafiti huko.

Daktari Isabirye alikuwa Msoga mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kujibia askari barabarani: kifupi, chenye "ndiyo" nyingi. Lusoga Beldina hakukijua, kwa hiyo daktari alijikaza akamweleza kwa hicho alichokuwa nacho, akimwita nyabo, yaani bibi, kama wanavyoitana huko. Figo ni chujio, alisema. Chujio likiziba, uchafu unabaki kwenye damu. Yeye anaingiza mrija mwembamba tumboni, anatia maji safi ya chupa, anayaacha yakae kidogo yavute ule uchafu, anayatoa, anatia mengine, mchana mzima hivyo. Nchi zenye chupa nyingi wanamwosha mtu mara mbili au tatu kwa wiki.

"Mimi sina chupa, nyabo. Zinakuja leo, kesho hazikuji. Sasa nauliza: mtu akikula chakula ambayo nimepima mimi, bila chumvi, nyama kidogo, anaweza kuishi na kuosha mara moja kwa wiki? Kama ndiyo, chupa ya mtu moja itatosha watu wawili. Kwa hiyo chakula ni ya kwangu. Anayekula ya nje anatoka, mwingine anaingia. Si ubaya. Kama sahani inanidanganya mimi, na mimi nitadanganya wagonjwa wote wanaokuja nyuma."

Beldina alikubali. Ni nani angekataa? Lakini hakujua alichokubali mpaka alipoketi nje.

Nyuma ya wodi palikuwa na jiko la wauguzaji, yaani mke, dada au mama aliyekuja na mgonjwa wake. Wanawake walipanga mafiga yao kwenye majani, wakamenya ndizi, wakapuliza moto, wakasemana, wakaazimana mwiko. Siku ya kwanza Beldina alikwenda akasema, "Habari zenu, akina mama?" Na wote wakanyamaza. Mmoja alisukuma kifuko cha sukari chini ya gauni lake. Kiswahili miaka ile ya utawala wa kijeshi kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Mwanamke kijana asiyejulikana akikisema vizuri namna ile, bila shaka nyumbani kwake kulikuwa na kofia ya jeshi ukutani. Beldina alipojaribu kueleza kwamba yeye ni mke wa dereva tu, kutoka Kenya, alieleza kwa Kiswahili, na kila neno likazidi kumchafua.

Wala hakuwa na sufuria. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Mwanamke asiye na sufuria pale nyuma ya wodi ni sawa na mtu aliyekuja matangani bila kumjua marehemu. Aliketi pembeni na mikono yake mapajani, akatazama mioshi ya wengine. Chakula cha Wanyama kilitoka jikoni kwa daktari kwenye sahani ya bati, Sista Eseza, muuguzi wa wodi, akakiweka juu ya mizani, akaandika, na kikirudi alikipima tena, akaandika kilichobaki.

Mmoja tu ndiye aliyezungumza naye. Huyo alikuwa Shifa, binti wa Kiislamu wa pale pale mjini, aliyekuwa akimuuguza baba yake, mzee Rajab, naye pia mtu wa chupa. Kwao walisema Kiswahili tangu zamani za babu, na hakikumtisha.

"Unajua wanakuita nani wale?" Shifa alimwambia. "Mama Mizani."

"Na wewe wanakuita nani?"

"Mimi wananiita rafiki ya Mama Mizani. Umeniharibia jina, mwenzangu." Akacheka, akampa kipande cha muwa. Alikuwa na cheko la kike la wazi, la mtu ambaye hajaogopeshwa bado.

Mzee Rajab naye alikuwa na maneno. Siku yake ya kuoshwa alisema, "Mimi nimekuwa kibuyu. Wananijaza, wananimwaga, na hakuna anayenikaribisha pombe." Wodi nzima ikacheka, hata Sista Eseza, ambaye alicheka kwa pua tu.

Wanyama hakucheka. Alikuwa ameacha kula, na alipoacha kula aliacha pia kusema. "Hiki ni chakula cha kumtoa mtu duniani," alisema siku moja, akageuza sahani. Mboga zilikuwa zimechemshwa kwa maji matupu. Baada ya hapo alilala akitazama dari. Beldina alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda asubuhi hadi jioni, na kati yao palikuwa na kimya ambacho hakuwahi kukiona hata lori lilipokuwa safarini juma zima. Lori likiwa safarini, alau alikuwa akimpikia chakula cha kumpokea akirudi.

Hayo yote Topista aliyasikiliza kizingitini, kidole mdomoni. Kisha akainuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na kichupa cha dawa ya kikohozi kilichozibwa kwa gunzi.

"Chukua. Nilichuja juzi."

Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai ya mkandaa. Beldina aliyajua kabla hayajafunguliwa. Kwao, maharage yakisha kupurwa, mabua yake makavu huchomwa, majivu yakatiwa kwenye chungu chenye matundu, maji yakamwagiwa juu, yakadondoka tone kwa tone chini yake. Mboga chungu zikitiwa maji hayo hulainika, zikakolea, zikawa chakula cha kuitana. Kwa kina Topista huko kaskazini waliyaita atwona, kwa kina Beldina musherekha. Na mwaka ule chumvi ilipopotea madukani, watu wakawa wanaipokea kwa kijiko kama dawa, Namakwekwe nzima ilipika kwa maji ya majivu, hata wale waliokuwa wakiyacheka kwamba ni ya washamba.

"Wamekataza chumvi," Beldina akasema.

"Hii ni chumvi? Chumvi ni ile nyeupe. Hii ni majivu, dada. Bibi yangu alikuwa anapatia mtoto akiumwa tumbo."

Beldina alikitazama kichupa dhidi ya mwanga. Wamekataza chumvi: hii si chumvi. Wamekataza chakula cha nje: haya si chakula, ni maji. Hakuwa akijidanganya, hivyo ndivyo mambo yalivyopangika kichwani mwake, na hivyo ndivyo yangepangika kichwani mwa mama yake na mama mkwe wake na kila mwanamke aliyemfunza kushika mwiko. Hata hivyo alikivingirisha ndani ya kanga, akaingiza kanga ndani ya blanketi.

Njiani kurudi Jinja, kabla ya Iganga, askari waliwashusha wote kwenye basi wapekue mizigo. Askari kijana alifungua kile kichupa, akanusa.

"Hii nini?"

"Maji ya majivu, afande. Ya mboga."

Alitia tone kwenye ulimi. Akasimama hivyo kidogo, bunduki begani, ulimi ndani ya shavu. "Mama yangu anapikaga na hii," akasema, akaziba gunzi vizuri kuliko alivyolikuta. "Pita."

Siku ile ile mchana, sahani ya Wanyama ilipoletwa, Beldina alikaa akiipa wodi mgongo, akadondosha matone machache juu ya mboga, akavuruga kwa kidole. Wanyama alionja kwa kulazimishwa. Akamtazama. Akaonja tena.

"Umetoa wapi?"

"Kula."

Alikula mpaka bati likang'aa. Kisha akajifuta mdomo, akasema, "Mwaka ule mvua iliponikamata Chwele, nikalala kwenu, mama yako alinipa mboga hivi hivi. Nikasema moyoni, mwenye mkono huu kama ana binti, simwachi." Beldina hakuwa ameyasikia maneno hayo hata siku ya harusi. Aliinama, akafanya kama anatafuta kiatu.

Tangu siku ile Wanyama alikula na kuzungumza. Alimweleza habari za vilima vya Timboroa na breki zilizomshinda, na turnboi wake, yule msaidizi wa lori, aliyelala usingizi juu ya matenga ya kuku. Sista Eseza alipima sahani, akapima tena kana kwamba mizani ina wazimu. "Nyabo, umemfanya nini huyu?" akasema. "Anakula sasa kama harusini. Endelea kukaa karibu yake." Beldina akasifiwa mbele ya wodi nzima, huku kichupa kiko ndani ya sidiria yake.

Halafu miguu ikaanza. Wanyama alisema ni mizito, kama imejazwa mchanga. Kesho yake akasema midomo inamtambaa kama ina sisimizi. Beldina, ambaye kazi yake yote duniani sasa ilikuwa kutazama, aliona kwamba kikombe kinamtetemeka mkononi, na kwamba mshipa wa shingo, ambao alizoea kuuona ukiruka haraka haraka, sasa unaruka, unangoja, unaruka. Aliposhindwa kujigeuza kitandani, daktari alikuja akatoa damu, akarudi amekunja uso.

Asubuhi iliyofuata alisimama miguuni pa kitanda akisema na Sista Eseza kwa Lusoga, sauti ya chini. Shifa alikuwa akimfuta baba yake mikono kitanda cha pili. Mikono yake iliacha kufuta.

"Anasema nini?" Beldina aliuliza.

"Anasema mara moja kwa wiki haitoshi." Shifa alitafsiri bila kumtazama. "Anasema kama Wanyama anaanguka hivi, na sahani yake inarudi tupu, basi alikosea kufikiri. Hawezi kuendelea kuwafanyia watu kitu kinachowaua. Ataandika Kampala kazi ifungwe." Kisha akasema, kwa sauti ambayo Beldina hakuwahi kuisikia kwake, "Na baba yangu je?"

Daktari alimgeukia Beldina. "Nyabo. Unampa ndizi? Chungwa? Viazi ya kuchoma?"

"Hapana, daktari."

"Hata kidogo? Usiogope."

"Hapana."

Akajishika paji la uso. "Kuna chumvi mbili, nyabo. Moja ya dukani, hiyo inavimbisha. Ingine huioni. Iko ndani ya ndizi, ndani ya majani, ndani ya kila kitu ambayo inaota. Figo nzima inaitupa nje. Hii yake haiwezi. Ikijaa kwa damu, inashika moyo, inasimamisha. Damu yake imejaa hiyo. Lakini sahani ni ya kwangu! Najua kila jani." Alisema hayo ya mwisho kama anayemlalamikia mtu asiyekuwepo, akatoka kwenda kutafuta mashine ya kupimia moyo, ile inayochora kwenye karatasi.

Kila kitu kinachoota. Beldina alibaki amesimama. Aliona shamba la mama yake baada ya mavuno, mabua ya maharage yamelundikwa hadi kifuani, moto ukiwashwa, lundo likishuka, likishuka, mpaka likabaki majivu ya ungo mmoja. Na majivu yale yakichujwa yakawa maji ya kichupa kimoja. Shamba zima ndani ya kichupa. Na yeye alikuwa akimtilia mumewe tone kwa tone, asubuhi, mchana na jioni, akisimuliwa habari za Timboroa.

Aliketi. Wanyama alikuwa akimtazama.

"Najua unachowaza," alisema. Ulimi ulikuwa mzito. "Nyamaza."

"Wanyama..."

"Mtu wa Buwenge walimtoa kwa samaki mmoja. Mmoja! Mimi nimekula mangapi? Ukisema, nimetoka. Nikitoka, nimekufa."

"Na nisiposema je?"

"Yatapita. Siku ya kuoshwa si kesho kutwa?" Alijaribu kumshika mkono, vidole vikateleza. "Usiniuze, Beldina."

Neno lile alilijua. Lilikuwa neno la miaka ile. Pale Namakwekwe kulikuwa na mlango uliofungwa mwaka mzima, wa fundi redio mmoja aliyeitwa Alfayo. Mtu alikuwa amesema jambo moja dogo barazani, na gari likaja mchana kweupe likamchukua. Nani alisema, hakuna aliyejua, na kwa sababu hakuna aliyejua kila mtu alijifunza kuubana mdomo, na Beldina alijifunza vizuri kuliko wengi. Kusema ulichokiona ilikuwa ndiyo kuuza. Hakukuwa na namna nyingine ya kusema.

Alitazama mshipa wa shingo. Ukaruka. Ukangoja. Ukangoja hadi yeye mwenyewe akashika pumzi. Ukaruka.

Akainuka.

"Beldina," Wanyama akasema. Mkewe alipofika mlangoni, alimwita tena, na hakikuwa kilio, kilikuwa kama mtu anayemwita mwenziwe aliye ng'ambo ya mto.

Daktari alikuwa barazani, mashine mikononi, akizungukwa na wauguzaji waliokuja kuuliza dawa. Beldina hakuwa na Lusoga cha kunong'ona, na Kiswahili chake kilitoka chote, kwa sauti, mbele ya wanawake wale wote. "Daktari, mimi nilimtilia maji ya majivu. Kwenye mboga. Kila siku." Akatoa kichupa kifuani, akakinyoosha.

Daktari alimimina tone kwenye kidole, akaonja, akatema. Uso wake ulibadilika mara mbili: kwanza ukawa wa mtu aliyepigwa kofi, kisha ukawa wa mtu aliyepata kitu alichokipoteza. Akakimbilia wodini.

Yaliyofuata Beldina aliyaona akiwa amesimama ukutani. Waya zilibandikwa kifuani kwa Wanyama, mashine ikatoa karatasi yenye vilima vipana, vyenye ncha, visivyofanana na kitu. Daktari alimdunga sindano kwenye mshipa, polepole sana, jicho kwenye karatasi. Kisha akaita chupa. Chupa zilizokuwa zimepashwa moto asubuhi ile zilikuwa za mzee Rajab; ilikuwa siku yake. Hakukuwa na nyingine. Sista Eseza alizichukua kwenye karai la maji vuguvugu pale pale kando ya kitanda cha mzee, moja baada ya nyingine, na Shifa alizitazama zikipita.

"Waache wapeleke," mzee Rajab alisema. "Mimi bado nacheza." Lakini uso ulikuwa umemvimba, na hakutia mzaha mwingine.

Mrija uliingia. Maji yakashuka, yakakaa, yakatoka kwenye chupa ya sakafuni, rangi ya majani makavu. Yakaingia mengine. Jua lilihama kutoka dirisha la mashariki. Kufikia alasiri vilima vya karatasi vilikuwa vimekonda, na mshipa wa shingo ulikuwa umeacha kungoja. Wanyama alifungua macho, akamwona mkewe ukutani, akageuzia uso upande wa pili.

"Wanyama."

Beldina alisogea akamfunika mguu uliotoka nje ya blanketi, na yeye akauvuta mguu kama mtu aliyeguswa na jivu la moto.

Nje, alipokwenda kuchota maji, wanawake wa mafiga walimpisha njia. Walimpisha wote, hata aliyekuwa na mtoto mgongoni, na hakuna aliyemwita Mama Mizani. Shifa alikuwa bombani. Beldina alisema, "Mzee ataoshwa kesho, daktari amesema watatafuta chupa Kampala." Shifa alijaza ndoo yake mpaka ikafurika, akaibeba, akaondoka nayo, maji yakimwagikia kwenye kanga.

Kwenye benchi la langoni alikuwepo mtu mmoja wa Bugembe, Benedicto, mwenye uso wa manjano na miguu iliyovimba ndani ya malapa. Alikuwa akija kila siku na kifurushi chake cha shuka, akingoja nafasi ya chupa itoke. Alimtazama Beldina kwa macho yasiyo na ubaya wowote. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Alikuwa amekisogeza kifurushi kutoka ardhini, amekiweka mapajani.

Daktari Isabirye alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Wanyama Beldina aliporudi, akitazama maji yakitoka. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Kwenye meza ndogo palikuwa na kile kichupa cha dawa ya kikohozi.

"Umefanya vizuri kusema," alisema bila kumgeukia. "Sasa najua hesabu haikukosea. Kazi haitafungwa." Kisha akasema, kwa taabu, "Lakini wote wamesikia, nyabo. Wale wengine pia wako na bibi. Wako na mama. Kesho kila mtu ataleta kichupa yake, atasema, ya Wanyama ilisamehewa."

"Ndiyo, daktari."

"Na yule wa Buwenge nilimtoa. Watu yake wanajua."

"Ndiyo."

Wanyama alikuwa amefumba macho, lakini Beldina alimjua akiwa amelala na akiwa hajalala. Alikuwa macho, na shingo yake ilikuwa ngumu, inasikiliza.

"Daktari," alisema Beldina. Mikono aliifumbata mbele, kama alivyofundishwa kusimama mbele ya wakubwa. "Kosa ni la mkono wangu. Si la tumbo lake. Niondoe mimi. Nitakwenda Mbale leo hii, sitakuja kumwona, sitatuma kitu, hata salamu sitatuma, uwaambie wote kwamba Mama Mizani amefukuzwa kwa sababu ya maji ya majivu. Wataogopa. Lakini yeye mwache kwenye chupa. Tafadhali, baba. Mwache yeye, uniondoe mimi."

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye chupa ya sakafuni. Daktari aliinama akaitazama ilipofikia, akafunga kibanio cha mrija kwa vidole viwili. Sista Eseza alifika na chupa nyingine ya mzee Rajab mikononi, akasimama akingoja kuambiwa aitundike au asiitundike. Alimtazama daktari, akamtazama Beldina.

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti, akaivaa. Kisha akavuka kwenda kitanda cha mzee Rajab, akaketi ukingoni, akaushika mguu wa mzee, akaubonyeza kwa kidole gumba, akatazama lile shimo lilivyochelewa kujaa. Chupa ilikuwa bado mikononi mwa Sista Eseza, kati ya vitanda viwili.